Kununua mitetea wa mayai Arusha na Moshi: piga hesabu ya muuzaji kabla ya kutaja bei yako

Anayekuuzia mtetea wa wiki 17 anakuuzia kifaranga alichokinunua, chakula alichokilisha na chanjo alizotoa, halafu anaongeza jasho lake. Ukijua kila kimoja kimemgharimu kiasi gani, bei anayoitaja haitakubabaisha, iwe juu au chini. Na mimi naiogopa zaidi bei ya chini. Mtetea akiwa rahisi kupita kiasi, ujue kuna kitu hakikuingia: chakula, chanjo, au ukweli wa umri wake.

Ninaowazungumzia hapa ni kuku wa mayai wa kisasa, hasa wale wekundu wa aina ya Hy-Line Brown, ISA Brown na Lohmann Brown, ambao ndio wengi kwenye mabanda ya Arusha na Kilimanjaro. Chotara kama Kuroiler na Sasso wana hesabu yao nyingine. Wanakula zaidi na mayai yao kwa mwaka hayafiki 300 ya kuku mwekundu aliyetunzwa vizuri.

Hatua ya 1: Amua umri unaoutaka

Mwekundu huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Wakati mzuri wa kumhamisha ni wiki ya 16 au 17, apate siku za kuzoea banda, maji na sauti yako kabla yai la kwanza halijatoka. Ukimhamisha akiwa ameshaanza kutaga, mshtuko wa safari na banda geni unaweza kumsimamisha kwa wiki kadhaa, na wengine hupukutisha manyoya kabisa.

Wiki 8 nayo ni chaguo zuri kwa mwenye nafasi na subira. Kipindi cha joto la mkaa na vifo vingi vya vifaranga kimeshapita, na bei bado haijapanda. Mimi ningemshauri anayeanza na kuku chini ya 200 achukue wa wiki 16. Kulea kifaranga kwenye baridi ya Juni na Julai huko Ngaramtoni au Sakina kunahitaji mtu wa kulala banda moja nacho.

Hatua ya 2: Piga hesabu yake nyumbani, kabla hujapiga simu

Mwekundu hula takribani kilo 2 kuanzia siku ya kwanza hadi wiki ya 8. Akifika wiki 12 amekula kama kilo 3 na nusu. Kuanzia hapo anakula karibu nusu kilo kila wiki, kwa hiyo wiki ya 18 inamkuta na kilo 6 hadi 6 na nusu tumboni. Weka 7, maana kingine humwagwa na kingine huliwa na panya.

Sasa chukua kalamu. Bei ninazoweka ni za mfano tu, wewe ingiza za dukani kwako wiki hii. Tuchukulie mfuko wa kilo 50 unauzwa shilingi 65,000, yaani kilo moja ni 1,300. Kilo 7 ni 9,100. Kifaranga tuseme 3,000. Chanjo, vitamini na dawa ya minyoo 800. Mkaa, maranda, umeme na maji 700. Mshahara wa kijana wa banda, ukiugawa kwa kila kuku, 1,000. Jumla ni 14,600. Ongeza kama 500 kwa ajili ya wenzake waliokufa njiani, kwa sababu katika vifaranga 100, kufa 4 au 5 hadi wiki ya 18 ni jambo la kawaida hata kwa mfugaji makini. Tumefika 15,100, na bado hajapata hata senti ya faida.

Kwa bei hizo za mfano, mtu akikuambia 17,500, hajakuibia. Akikuambia 11,000, kuna pengo la 4,100 chini ya gharama yake, nalo ni sawa na zaidi ya kilo 3 za chakula. Muulize limetoka wapi. Jibu linaweza kuwa zuri: anachanganya chakula mwenyewe kwa pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa, na kilo inamgharimu 1,000. Hapo kwenye chakula ameokoa 2,100. Nusu ya pili ya pengo bado inatafuta maelezo.

Hesabu hii inakusaidia pia kwenye umri. Muuzaji akisema wiki 16 kumbe ni 13, amekuongezea wiki 3 za kulisha bila yai, kilo moja na nusu kwa kila kuku. Kwa kuku 100 hiyo ni mifuko mitatu mizima.

Hatua ya 3: Jua pa kutafuta, na pa kupita tu

Soko la Kilombero, Mbuyuni pale Moshi, Kiboriloni, au gulio la Tengeru ni mahali pazuri pa kuulizia bei ya pumba na mashudu, na pa kununua jogoo wa kienyeji wa sikukuu. Mitetea wa mayai usiwanunue huko. Kuku waliotoka nyumba ishirini wamekaa tenga moja tangu alfajiri, na mmoja akiwa na mdondo, wote wameshauvuta.

Tafuta aliyelea kundi moja, umri mmoja, kutoka kwenye mashine moja ya kutotolesha. Maduka ya dawa za mifugo huwajua, kwa sababu ndiko wanakonunua chanjo. Afisa mifugo wa kata naye anawajua, na mara nyingi anajua hata nani alipigwa na gumboro, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku wachanga, mwezi uliopita.

Uliza pia vifaranga vilitoka wapi. Mikoa hii iko jirani na mpaka, na vifaranga vya magendo si hadithi: mwaka 2017 serikali ilichoma moto vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga vikitoka Kenya. Watu wengi waliumia roho kwa namna ilivyofanyika, ila ukweli unabaki kwamba kuku asiye na karatasi za kituo alikototolewa hana anayeweza kukuhakikishia kwamba alichanjwa mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, siku ya kwanza. Chanjo hiyo ikipita siku ile, hutaweza kuirudisha baadaye.

Hatua ya 4: Maswali ya simu

Usiulize "wanakaribia kutaga?" Jibu ni ndiyo, siku zote, hata wakiwa na wiki 11. Uliza tarehe vifaranga vilipoingia bandani, na vilikuwa vingapi, na leo wako wangapi. Uliza chanjo, na umwache aeleze mwenyewe bila kumsaidia.

Mtu aliyelea kuku kweli atakutajia bila kutafuta: mareksi kule kwenye mashine, mdondo siku ya 7, gumboro kama siku ya 14, mdondo tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28, ndui wiki ya 6 hadi 8 kwenye utando wa bawa, kisha mdondo kila baada ya miezi 3. Siku zinaweza kupishana kidogo kulingana na ushauri wa daktari wake. Mpangilio hauwezi kupotea kabisa. Akikujibu "wamechanjwa zote, ndugu yangu", endelea kuuliza.

Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama. Hawa kuku waliingia lini?"

"Marahaba mwanangu. Hawa wakubwa, wiki mbili tu wanaanza kukupa mayai."

"Tarehe ipo kwenye daftari?"

"Daftari analo mzee, amesafiri."

Basi msubiri mzee arudi. Hakuna haraka ya kununua kuku 100 kwa maneno matupu.

Hatua ya 5: Nenda bandani, ikiwezekana jioni

Muuzaji akikuzuia kuingia mpaka ubadilishe viatu au ukanyage dawa mlangoni, usinune. Huyo ndiye unayemtafuta. Anayekuachia uingie na mabuti uliyotoka nayo banda lingine amewaachia na wengine.

Kabla ya kuwaangalia kuku, simama ndani na uvute pumzi. Macho yakikuwasha kwa harufu kali ya mkojo, maranda yamelowa na hayageuzwi, na mapafu ya kuku yamekuwa humo kwa wiki nyingi. Shika maranda kiganjani ukayafinye: yakiganda kama tonge, yamelowa kupita kiasi. Kinyesi cha kawaida ni kikavu kiasi, rangi ya kijivu au kahawia, na kofia nyeupe juu. Damu ni dalili ya koksidia, ugonjwa wa kuhara damu. Kijani kibichi kwa kuku wengi ni sababu ya kuondoka.

Kisha ngoja giza liingie, omba taa izimwe, nyamazeni wote kwa dakika tano. Mchana kelele za kuku huficha kila kitu. Usiku, kuku mwenye mafua au ugonjwa wa njia ya hewa utamsikia akikoroma na kupiga chafya, na utajua kama ni mmoja au ni upande mzima wa banda. Muuzaji asiyetaka ukae mpaka giza anaweza kuwa na sababu yake nzuri. Rudi siku nyingine jioni.

Angalia vyombo vya chakula na maji pia. Vikiwa vichache, wanyonge hula mwisho, na utaona kundi lenye kuku wakubwa na wadogo wa umri mmoja. Hao wadogo ndio atakaokuwekea chini ya tenga.

Taa za usiku zinahitaji swali lake. Huku kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, na mtetea anayekua hahitaji zaidi. Wauzaji wengine huwasha taa mapema ili upanga wa kichwani uwe mwekundu haraka na kuku aonekane mkubwa. Ataanza kutaga mwili wake ukiwa bado mdogo, mayai yatakuwa madogo, na baadhi watatoka nyama kwa nyuma wakati wa kutaga, kisha wenzao wawadonoe mpaka kufa.

Hatua ya 6: Mshike mkononi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Chagua kuku mwenyewe, kutoka pembe zote nne za banda, usipokee wale unaoletewa. Mshike mabawa yakiwa yametulia ubavuni, tumbo likiwa juu ya kiganja.

Anza na mfupa wa kidari. Pitisha kidole kutoka shingoni kwenda nyuma. Ukiwa umechongoka kama kisu na nyama pembeni zimebonyea, hakulishwa. Fika kwenye ncha ya nyuma kabisa na uibonyeze taratibu. Kwa mtetea bado ni laini, inapinda kidogo. Kwa kuku aliyetaga mwaka mzima imekuwa mfupa mgumu. Kipimo hiki nakiamini kuliko manyoya, kwa sababu wapo wanaonunua kuku waliomaliza kutaga, wanawapumzisha mpaka wanaota manyoya mapya yanayong'aa, kisha wanawauza kama mitetea. Manyoya yanarudi, na hata rangi ya njano ya miguu inarudi kuku akiacha kutaga. Ncha ya kidari haiwezi kulainika tena.

Mgeuze uone miguu. Magamba ya mtetea ni laini, yamelala, ya njano. Ya kuku mzee ni mazito na yamekwaruzika, na pale jogoo anapoota mwiba utahisi kinundu kimekomaa. Magamba yakiwa yameinuka na kuwa na ukoko mweupe, huyo ana utitiri wa miguu, na wenzake pia.

Nyuma, pembeni ya tundu la kutagia, kuna ncha za mifupa miwili ya nyonga. Weka vidole katikati. Mtetea wa wiki 15 atakuruhusu kidole kimoja au chini yake. Anayekaribia kabisa ataruhusu karibu viwili, na tundu lenyewe linaanza kuwa pana na lenye unyevu. Ukiambiwa ni mtetea na vidole vitatu vinapita bila shida, huyo ameshataga sana. Hapohapo fungua manyoya uone ngozi: chawa hupenda kukaa hapo, na mayai yao hugandamana kwenye mashina ya manyoya.

Macho yawe makavu na mang'avu, pua safi, mdomo usinuke. Mdomo uliokatwa ncha ni sawa kama ulikatwa vizuri. Uliokatwa mpaka karibu na pua, au ukawa wa juu mfupi na wa chini umejikunja, utamfanya ahangaike na chakula cha unga maisha yake yote. Upanga wa mtetea wa wiki 17 unaanza kuwa mwekundu. Ukiwa bado mdogo na wa njano hafifu huku unaambiwa wiki 18, ama umri si huo, ama ana minyoo.

Ukimaliza mrudishe chini, umguse mgongoni. Aliyebakiza siku chache kutaga hujikunyata na kufungua mabawa kidogo. Kundi zima likijikunyata, wahamishe wiki hiyohiyo au usiwahamishe kabisa.

Hatua ya 7: Mizani

Beba mizani ndogo ya kuning'iniza na kamba. Pima kuku 20. Mwekundu aliyelelewa vizuri ana takribani gramu 700 akiwa na wiki 8, karibu kilo moja na gramu 50 akiwa na wiki 12, na kilo 1.4 hadi 1.5 anapofika wiki 17 au 18.

Wastani peke yake haukutoshi, angalia wamelinganaje. Wastani ukiwa gramu 1,400, hesabu wangapi wako kati ya 1,260 na 1,540, yaani asilimia 10 chini na juu. Katika 20, angalau 16 wawe humo. Wakiwa 11, kundi hilo halitaanza kutaga pamoja. Utakuwa unalisha wote chakula cha kutagia, na nusu yao bado wanakua. Hapo una haki ya kuomba bei ishuke, au kuwachagua wanaofaa na kuwalipia hao tu.

Hatua ya 8: Maelewano

Sasa taja bei, ukiwa na daftari, mizani na hesabu ya kilo za chakula. Mfugaji mwenye kumbukumbu nzuri mlipe vizuri; kumkandamiza kwa 500 halafu akupe wa pembeni ni hasara yako. Andikeni idadi, umri, bei, nani anagharimia usafiri, na nani anabeba kuku watakaokufa siku 3 za mwanzo. Kianzio kitolewe baada ya kuona kuku kwa macho. Kutuma pesa kwa simu kwa mtu uliyeona picha zake za kuku tu ni kununua picha.

Nunua kwake na mifuko miwili mitatu ya chakula kilekile alichokuwa akiwalisha. Utaelewa kwa nini ukifika hatua ya 10.

Hatua ya 9: Safari

Kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, na unapanda kutoka joto kwenda ubaridi. Pakia alfajiri au usiku. Kuku waliokaa saa tatu chini ya jua la Boma Ng'ombe gari likiwa limeharibika hufa wakiwa wengi, na hawatakusubiri utafute fundi. Tumia matenga yenye matundu, kuku 10 hadi 12 kwa tenga la kawaida, wakiwa wamekunywa maji ila hawajashindiliwa chakula. Kuwafunga miguu na kuwaning'iniza kichwa chini kwenye bodaboda huvunja mifupa.

Pata kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa mifugo wa kule unakonunua, hasa unapovuka mkoa. Hesabu kuku wanapoingia kwenye tenga, si wanaposhuka.

Hatua ya 10: Nyumbani

Kama una kuku wengine, wageni wakae mbali nao wiki 2 hadi 3, na uwahudumie wa mwisho kila siku, kwa viatu tofauti. Siku ya kwanza wape maji yenye vitamini kwanza, chakula kifuate baada ya saa moja au mbili. Endelea na chakula cha muuzaji siku 3, kisha changanya nusu kwa nusu na cha kwako, uhamie taratibu.

Chakula cha kutagia usikiharakishe. Kina chokaa nyingi kwa ajili ya ganda, na figo za kuku ambaye bado hatagi huumia nayo. Badilisha unapoona mayai ya kwanza. Kisha jiandae: kuku 100 wanaotaga hula kilo 11 hadi 12 kwa siku, mfuko mmoja hauvuki siku ya tano.

Vifo viwili vitatu katika 100 kwa wiki ya kwanza vinaweza kuwa vya safari. Vikiongezeka siku ya nne na ya tano badala ya kupungua, usimwage antibiotiki kwenye maji kwa kubahatisha. Mfunge aliyekufa asubuhi hiyo ndani ya mifuko miwili ya nailoni, umweke pa baridi bila kumgandisha, umpeleke siku hiyohiyo kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), ambao wana kituo Arusha. Nenda na nakala ya daftari la chanjo la muuzaji, maana ndilo la kwanza watakaloliulizia.